Hadithi zetu zinafia kwenye rasimu ya kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu hadithi fupi za Kiswahili, zinazoletwa magazetini na zinazopelekwa mashindanoni. Kazi yangu ni kuhariri miswada, na ninachokiona ni hiki: waandishi wetu visa wanavyo tele, na lugha wanayo. Wengi wao wanachokosa ni rasimu ya pili. Hadithi inaandikwa usiku mmoja, inapitiwa mara moja kusaka makosa ya tahajia, asubuhi inatumwa. Kupitia tahajia kunachukua nusu saa. Kuandika upya kunachukua siku kadhaa, na kuna namna yake ya kufanywa.

Nianze na mwanzo wenyewe. “Ilikuwa siku ya Jumatatu, asubuhi na mapema. Jua lilikuwa limechomoza na ndege walikuwa wakiimba mitini.” Sentensi hizi tumezirithi kutoka kwenye insha za shuleni, ambako mwanafunzi alipewa alama kwa kupamba. Kwenye hadithi hazina kazi, maana hakuna mtu ndani yake, hakuna anachokitaka mtu huyo, na jua huchomoza kila siku. Simlaumu mwandishi aliyeziandika katika rasimu ya kwanza, kwa kuwa hapo bado anaitafuta hadithi. Ila katika rasimu ya pili atafute sentensi ya kwanza ambamo mtu anafanya jambo asilolifanya kila siku, au anakuta kitu mahali kisipotarajiwa. Mara nyingi sentensi hiyo imejificha kwenye aya ya tatu au ya nne. Afute yote yaliyo juu yake, kisha asome aone kama kuna la lazima lililopotea. Likiwapo, kwa kawaida ni jina la mtu au la mahali, na hayo huingia kwa maneno matatu tu ndani ya tukio.

Nimetunga mfano mdogo kwa ajili ya barua hii. Rasimu ya kwanza iko hivi:

“Ilikuwa siku ya Jumatatu asubuhi na mapema. Jua lilikuwa limechomoza na ndege walikuwa wakiimba. Salma aliamka, akanawa uso, akavaa, akatoka nje, akamkuta kaka yake Musa. Salma alikuwa na huzuni kubwa sana kwa sababu baba yao alikuwa amefariki dunia wiki moja iliyopita. Musa alijua kwamba dada yake hatakubali. Alimwambia kwa huzuni kwamba nyumba lazima iuzwe. Alikasirika sana.”

Na hii ni rasimu ya pili:

“Viatu vya baba vilikuwa bado mlangoni, visigino ukutani, vimeshika vumbi la wiki nzima. Musa alivivuka bila kuviangalia, akaketi.

‘Mnunuzi anakuja saa nne,’ alisema.

Salma aliinama, akaokota kiatu cha kushoto, akakifuta kwa upindo wa nguo yake.

‘Saa nne ya leo?’

Musa alitazama saa mkononi. Salma alikirudisha kiatu pale pale, kisigino ukutani, akabaki amesimama mlangoni.”

Neno huzuni halimo, hasira haimo, kifo hakikutajwa. Hata hivyo msomaji anavijua vyote vitatu. Vumbi limemwambia ni tangu lini, namna viatu vilivyopangwa imemwambia marehemu alikuwa mtu wa aina gani, na kiatu kilichorudishwa mahali pake kimemwambia kwamba Salma hauzi. Kitu kimoja kimeshikwa na mikono ya mtu, kikafanya kazi iliyozishinda sentensi saba. Mwandishi anayetaka kujizoeza afanye hivi: achukue kila neno la hisia katika mswada wake (alihuzunika, alifurahi, aliogopa, alikasirika) na alizungushie duara. Kwa kila duara ajiulize mhusika ana nini karibu na mkono wake wakati huo. Si lazima maduara yote yafutwe. Yakibaki mawili katika hadithi nzima, hayo mawili yatasikika.

Turudi kwenye ile rasimu ya kwanza. “Alimwambia kwa huzuni kwamba nyumba lazima iuzwe. Alikasirika sana.” Nani alimwambia nani? Nani alikasirika? Kiambishi chetu a- hakitenganishi mwanamume na mwanamke, wala mkubwa na mdogo. Kwa mwandishi mwerevu huo ni utajiri, kwa sababu anaweza kumweka mhusika kizani mpaka atakapotaka kumtoa. Lakini watu wawili wakiwa chumba kimoja, utajiri huo hugeuka mtego. “Alimtazama, akamwambia aondoke, akakataa.” Mwandishi anajua nani alikataa kwa kuwa anawaona kichwani, msomaji hawaoni. Kipimo chake ni kupiga mstari chini ya kila kitenzi chenye a- au -m- katika onyesho la watu wawili (onyesho ni kipande cha hadithi kinachotokea mahali pamoja kwa wakati mmoja), na kuandika pembeni jina la anayehusika. Ukilazimika kurudi nyuma kutafuta jina, jua kwamba msomaji naye atarudi nyuma, au ataiacha hadithi hapo hapo. Tumia jina, au “mwenzake”, au “yule mkubwa”. Kurudia jina mara tatu katika aya hakujaua hadithi hata moja. Na majina yenyewe yaachane herufi ya kwanza na urefu. Hadithi yenye Salma, Salima na Halima inamtesa msomaji bure.

Sasa niseme kidogo kuhusu nyakati, maana hapa ndipo Kiswahili kilipo na nguvu ambazo waandishi wengi wanazitumia bila kuzijua. “Alifungua mlango, akaingia, akaketi.” -li- imeweka wakati, na -ka- inafuatisha tukio moja nyuma ya jingine. Kwa hiyo “kisha akaingia, halafu akaketi” ni kusema jambo moja mara mbili. Tatizo la -ka- ni kwamba hukipa kila kitendo uzito ule ule. Kunawa uso na kumkuta mtu amekufa huwa sawa. Mnyororo ukipita vitenzi vitatu au vinne, sikio linasinzia. Kitendo kizito basi kitolewe nje ya mnyororo, kipewe sentensi yake. “Alifungua mlango, akaingia, akawasha taa. Kitanda kilikuwa kimetandikwa.” Hapo -me- ndiyo inayoshtua, kwa sababu inaonyesha hali iliyokwisha kuwapo kabla mhusika hajaingia, yaani kuna mtu alikuwamo. Mwandishi akiandika “akawasha taa, akaona kitanda kimetandikwa”, mshtuko umezama katikati ya safari.

Hata kukanusha kuna siri yake. “Alibisha, akangoja, asijibiwe” inatiririka, na msomaji anangojea kitakachofuata. “Alibisha, akangoja. Hakujibiwa” inasimama kama ukuta. Zote mbili ni sahihi, na mwandishi achague akijua anataka msomaji aendelee au asimame. Kwa yanayokwenda sambamba tunayo -ki-: “Alizungumza akifunga kamba za viatu.” Sentensi ya namna hiyo inaeleza kutojali kuliko kielezi chochote. Na atakayechagua kusimulia hadithi nzima kwa -na- ajue anapata ukaribu, lakini anajinyima -ka-, ambayo kwa kawaida huifuata -li-. Kinachoudhi ni kuona -na- na -li- zikipokezana katika aya moja bila sababu. Huo si mtindo, ni kutokusoma ulichokiandika jana.

Mbinu rejeshi, yaani kuirudisha hadithi kwenye yaliyopita, nayo inaharibiwa kwa nyakati. “Alikuwa amekutana naye mara moja tu, mazishini.” Kitenzi kimoja cha “alikuwa ame-”, au viwili, vinatosha kumvusha msomaji hadi kwenye yaliyopita. Baada ya hapo endelea kwa -li- na -ka- za kawaida. Aya nzima ya “alikuwa amekuja, alikuwa amekaa, alikuwa amesema” humchosha hata mtu anayekupenda. Wakati wa kurudi, toa ishara, na ishara nzuri kuliko zote ni kitu ambacho mhusika alikuwa nacho mkononi kabla ya kumbukumbu kuanza. Kama alikuwa akimenya viazi, kisu kirudi. Usiirudishe hadithi nyuma kabla onyesho la kwanza halijashika. Msomaji ambaye bado hajamjali mhusika wa leo hana haja na utoto wake.

Kuna kosa jingine ndani ya ule mfano ambalo halionekani upesi: “Musa alijua kwamba dada yake hatakubali.” Tangu mwanzo tuko na Salma, tunaona anayoyaona yeye. Ghafla tumo kichwani mwa Musa. Msimulizi anayejua yote anaruhusiwa kuingia vichwa vyote, lakini ni lazima sauti yake isikike tangu ukurasa wa kwanza, isizuke pale mwandishi anaposhindwa kuonyesha jambo. Ukitaka kujipima, zungushia mraba kila kitenzi cha ndani ya kichwa: alijua, alihisi, aliwaza, alikumbuka, alitamani. Pembeni andika herufi ya mwenye kichwa. Onyesho moja likiwa na herufi mbili, chagua moja, na ya pili itafutiwe tendo au kauli ya kuionyesha kwa nje. Ukiwa kwenye zoezi hilo, tazama pia “aliona” na “alisikia”. Tukishajua tuko na Salma, “aliona mlango ukifunguka” haina zaidi ya “mlango ulifunguka”, ila umemweka mtu mbele ya msomaji akimzibia mlango.

Mazungumzo yangehitaji barua yake peke yake. Nitaje yale yanayorudi kila wiki. Watu wanakutana, na nusu ukurasa inakwisha kwa hujambo, sijambo, habari za huko, nzuri, za watoto, wazima. Maishani salamu ni lazima. Katika hadithi iandikwe pale tu inapobeba kitu, kama salamu isiyoitikiwa, iliyoitikiwa kwa kuchelewa, au iliyotolewa kwa mmoja mbele ya wawili. Vinginevyo “walisalimiana” inatosha, au hata hiyo isiwepo. Kosa la pili ni wahusika kuambiana wanayoyajua. “Kama unavyojua, baba yetu alifariki wiki iliyopita.” Hakuna dada anayemwambia kaka yake maneno hayo. Hapo mwandishi anazungumza na msomaji juu ya vichwa vyao. La tatu ni vitenzi vya kusema. “Alisema”, “aliuliza” na “alijibu” hupita bila kuonekana, na ndivyo inavyotakiwa. Mwandishi anayeandika alifoka, alibwata, alinguruma na alighadhibika ndani ya mistari minne hajaamini kwamba kauli yenyewe ina hasira. Mara nyingi kweli haina, na ndicho cha kurekebisha.

Lipo jambo moja la mazungumzo ambalo lugha yetu inatupa bure, nalo ni namna watu wanavyoitana. Salma anayemwita Musa “kaka” kurasa nne mfululizo, kisha siku moja akasema “Musa, nisikilize”, amekwisha kugombana naye kabla neno la ugomvi halijatamkwa. Hilo halifanyi kazi kama katika mistari mitatu ya mwanzo alimwita kaka, Musa, ndugu yangu na wewe, bila mpango. Andika kwenye karatasi ya pembeni kila mhusika anamwitaje kila mwenzake, na uandike ni mahali gani mwito huo unabadilika na kwa nini.

Kuhusu tamathali na tanakali za sauti nitasema machache. Giza totoro, kimya ji, lala fofofo: jozi hizi zimezoeleka kiasi kwamba jicho linaziruka. Ziachie mazungumzo ya wahusika.

Linaloniumiza zaidi ni Kiswahili cha ofisini kuhamia kwenye hadithi. “Alifanya maamuzi ya kuondoka” badala ya “aliamua kuondoka”, au “aliondoka” tu. “Kitendo hicho kilimfanya ajisikie vibaya.” “Kwa upande wake Salma alisema.” “Mnamo majira ya saa mbili usiku ambapo mvua ilikuwa ikinyesha.” Lugha hii ni ya taarifa, na taarifa haimgusi mtu. Na “alianza kulia” ina maana pale tu kilio kinapokatizwa, la sivyo “alilia” inatosha. “Ambaye” nayo ina mahali pake. Panapokuwa na -me- hatuna njia nyingine, ni lazima tuseme “mtu ambaye amekuja”. Lakini kwa -li- na -na- tunao urejeshi wa ndani, “aliyekuja” na “anayekuja”, mfupi na wenye mdundo. Ukurasa uliojaa ambaye, ambacho na ambapo unasomeka kama mkataba. Kompyuta inasaidia hapa: tafuta “amba”, tafuta “sana”, tafuta “kabisa”, tafuta “ghafla”, pitia moja moja. Katika hadithi ya maneno 3,000 “ghafla” moja ni nyingi tayari, kwa sababu kinachotokea ghafla hakiji na tangazo.

Kazi hii yote ina mpangilio, na mpangilio ukivurugwa nguvu zinapotea. Weka mswada kando, usiufungue kwa wiki mbili, au hata siku kumi, mpaka sentensi zako ziwe za kigeni kidogo machoni pako. Ukirudi usiguse sentensi hata moja. Chukua karatasi, andika mstari mmoja kwa kila onyesho: nani anataka nini, nini kinamzuia, na mwisho wa onyesho nini kimebadilika. Hadithi ya maneno 3,000 kwa kawaida hubeba maonyesho matatu hadi sita. Onyesho ambalo sehemu yake ya tatu iko tupu, ama liunganishwe na jingine ama litoke, hata kama ndilo lenye sentensi unazozipenda. Wengi wanaanza kwa kupiga msasa sentensi, na ndiyo sababu baadaye hawana moyo wa kulifuta onyesho lisilo na kazi: wameshalitolea jasho. Maonyesho yakikaa sawa, ndipo uje na miraba ya mtazamo, mistari ya majina na maduara ya hisia. Nyakati zifuate. Mwisho kabisa soma yote kwa sauti, umesimama, penseli mkononi, na pale ulimi unapokwama weka alama bila kusimama kurekebisha. Kusoma hadithi ya maneno 3,000 kwa sauti hakufiki saa moja.

Baada ya hapo punguza sehemu moja ya kumi, 3,000 yawe 2,700. Nieleze kidogo kuhusu hesabu hizi, kwa sababu vipimo vingi tunavyoviona kwenye intaneti ni vya Kiingereza. Tuzo za Nebula za Marekani, zinazotolewa kwa hadithi za kubuni za kisayansi na za kifantasia, kwa mfano, huhesabu hadithi fupi kuwa chini ya maneno 7,500, na riwaya kuanzia maneno 40,000. Kwetu “hatukumwambia” ni neno moja, na Kiingereza kinahitaji maneno matano kulisema. Mwandishi wa Kiswahili anayejilazimisha kufikia vipimo hivyo anaishia kujaza maji.

Mtu atauliza kama kuna anayevumilia yote haya. Ernest Hemingway, mwandishi wa riwaya wa Marekani, katika mahojiano yaliyochapishwa mwaka 1958, alisema ukurasa wa mwisho wa riwaya yake A Farewell to Arms aliuandika upya mara 39 kabla hajaridhika. Alipoulizwa nini kilichokuwa kikimsumbua, alijibu kwamba ni kuyapata maneno yaliyo sahihi. Mwaka 2012 lilitolewa toleo la riwaya hiyo lililochapisha miisho 47 iliyokutwa kwenye karatasi zake. Huyo alikuwa tayari mwandishi mwenye jina.

Mwisho wa hadithi zetu una magonjwa mawili. La kwanza ni “Kumbe ilikuwa ndoto!”, ambalo linamnyang’anya msomaji kila alichokijali. La pili ni “Basi ndugu msomaji, hadithi hii inatufundisha kwamba…” Ukifika hapo, funika aya ya mwisho kwa kiganja, usome ya kabla yake. Kama hadithi inasimama, aya iliyofunikwa ifutwe. Kisha ifunike inayofuata kwenda juu, ujaribu tena. Mara nyingi mwisho halisi uko aya mbili nyuma, kwenye tendo, kama kile kiatu kilichorudishwa mahali pake.

Ndugu Mhariri, nina maombi matatu kwako. Chapisha masharti ya ukurasa wako wa hadithi, pamoja na idadi ya maneno unayoitaka, ili mwandishi ajue anakata kwa kipimo gani. Unapoikataa hadithi, mjibu mwandishi kwa sentensi moja inayotaja mahali: “Nilimpoteza Musa kwenye onyesho la pili” inamsaidia kuliko “haikidhi viwango”. Na mara moja kwa mwezi, kwa idhini ya mwandishi, chapisha aya moja katika rasimu zake mbili, ya kwanza juu na ya pili chini, bila maelezo yoyote. Nafasi inayohitajika ni robo safu, chini ya hadithi yenyewe.

Wako,
Mhariri wa miswada